Usichome Majani: Tunamuaga Matrida Makongoro

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Matrida Makongoro anafunga miaka thelathini na moja ya kazi ya ugani katika wilaya za Bunda na Butiama. Sisi tunaobaki idara ya kilimo tutakosa mengi, yakiwemo ya kuchelewa safarini, maana Matrida akiona mti umenyauka kando ya barabara, gari lazima lisimame.

Alianza na pamba. Mvua zilipoanza kutuchezea, zikija kwa kuchelewa na kukatika mapema, akahamia kwenye michungwa na miembe. Alisema pamba ikikauka utapanda tena mwakani, lakini mchungwa ukikauka umepoteza miaka. Kule Buhemba alichimba mashimo ya kukinga maji karibu na miembe. Vijana wa machimbo walipomwona wakajua mama kapata dhahabu. Asubuhi alikuta mashimo yamechimbwa mpaka yamemzidi kimo. Alicheka sana, kisha akawabakiza hao hao wamsaidie kuyafukia.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni ya Kibara. Lukresia, mjane anayeishi na mama mkwe wake, Bibi Kwangu, alikuwa na michungwa kuzunguka nyumba, na ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto. Mwaka mmoja wa ukame ilianza kupukutisha majani. Matrida akashauri ardhi chini ya miti ifunikwe kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Bibi Kwangu akakataa katakata. Kwake yeye, uwanja ni wa kufagiwa kila asubuhi na majani kuchomwa.

"Nilikuwaga nafagia hapa mwanangu akiwa hai," alisema. "Watu wakikuta majani, watasema mji huu umekufa naye."

Sisi tuliofuatana na Matrida tukaanza kumpa bibi somo la udongo. Matrida akatunyamazisha. Alikaa naye mpaka jua likawa la utosi, wakizungumza habari za marehemu. Ndipo akamwomba jambo moja: aendelee kufagia uwanja wote kama kawaida, ila majani asiyachome. Ayapeleke chini ya michungwa, akiacha nafasi kidogo shinani ili mchwa wasipande. Bibi alifikiri, akakubali.

Michungwa michache ilikufa, mingine yote ikapona. Siku hizi Bibi Kwangu anafagia mpaka kwa majirani ili apate majani, na wageni wakija kujifunza anawaambia wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Mwezi uliopita alimweleza hivyo hivyo Matrida, hatua kwa hatua, pamoja na habari ya mchwa. Matrida alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa somo.

Nasi tunakushukuru kwa la kwako, dada Matrida. Nenda ukapumzike kwako Nyakato. Tunakutakia maisha mema, na mvua zisikupite.