Suruali Nne Nyeusi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Shikamooni wazee. Itikieni amina, halafu vigelegele mniwekee akiba mpaka nimalize, maana leo nimesimama hapa nikiwa na hasira na sitaificha. Mchungaji ameniruhusu niseme yote.

Mnanijua. Mimi ni Fundi Elia, ninashona pale karibu na stendi ya Mlali. Hizi sare za kwaya mnazoziona ni kazi ya mikono yangu. Mwaka juzi nilianza kutoka damu chooni. Fundi cherehani hukaa kutwa nzima, kwa hiyo kila niliyemnong'oneza alisema ni bawasiri. Nikanywa mizizi ya kila aina iliyoteremshwa kutoka milimani, michungu mpaka machozi. Tumbo likakaza, choo kikawa chembamba kama kidole, na mimi naendelea kuita bawasiri. Mtanisamehe kutaja choo madhabahuni. Aibu ya kulitaja neno hilo nusura iniue, na leo nitalitaja mpaka mlizoee.

Mke wangu, Mama Eliza, ndiye aliyenisukuma hadi hospitali huko mjini Morogoro. Wakapitisha kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama ya utumbo, wakakipeleka kupimwa. Majibu yakaja: kansa ya utumbo mpana. Daktari akaandika barua ya rufaa niende kwa bingwa Dar es Salaam, akanionya nisichelewe.

Wiki hiyohiyo, ndugu zangu, tulikuwa na semina ya maombi. Mzee Kobelo, kiongozi wetu wa maombi, akaniwekea mikono. Akaniambia nisiukiri ugonjwa, nisimame nishuhudie kwamba nimepona, uponyaji wenyewe utanifuata nyuma. Akaichukua barua yangu ya rufaa akaiweka ndani ya Biblia yake iwe ishara. Nami nikasimama papa hapa! Nikasema nimepona! Mkapiga vigelegele, kwaya ikaimba, vijana wakanibeba juujuu. Nikarudi nyumbani, nikaingia chooni, nikakuta damu ileile.

Sasa ningefanya nini? Ningeonekana hospitalini, mngesema ushuhuda wangu ulikuwa uongo. Na kweli ulikuwa uongo. Basi nikajishonea suruali nne nyeusi, kitambaa kizito, ili damu isionekane nikikaa kwenye benchi la kwaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yangu kwa miezi mitano! Kila baada ya wiki chache nilizipunguza kiunoni, nikijipima kwa futi ileile ninayopimia wateja. Namba ilishuka na nikaiona ikishuka, nikanyamaza.

Mchana mmoja Mama Eliza alikuja kibandani kwangu. Akangoja mteja aondoke, kisha akaziweka suruali tatu zilizolowa juu ya cherehani.

"Baba Eliza," akasema, "hizi ninazifua mimi. Mungu anaijua hii damu, na mimi ninaijua. Unamficha nani?"

Kesho yake akaenda kwa Mzee Kobelo kuidai barua. Akaambiwa anavunja imani ya mumewe. Mke wangu huyu, ambaye hata sokoni hapandishi sauti, alikaa barazani kwa mzee tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, mpaka barua ikatoka ndani ya Biblia.

Kule Dar es Salaam nikapokewa na daktari bingwa, mama mmoja mpole. Aliisoma barua, akairudia tarehe.

"Mzee wangu, hii barua ina miezi mitano. Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwa kanisani," nikamjibu.

Hakunigombeza. Aliinama akaandika. Lakini jibu lile linanichoma hadi leo, ndugu zangu! Nyumba ya Mungu niliigeuza mahali pa kumkimbia daktari, na ninyi mkanipigia makofi!

Akanieleza kwamba uvimbe ulikuwa umetoboa ukuta wa utumbo na kushika kibofu, na kwenye ini palikuwa na doa. Kwanza nikapewa dripu za dawa kwa miezi kadhaa ili uvimbe usinyae. Nilitapika, vidole vikafa ganzi, nikashindwa hata kushika sindano. Baada ya hapo madaktari wakakaa jopo, wakanipasua. Walikata sehemu ya utumbo, kipande cha kibofu na kipande cha ini. Nilipozinduka nilikuta mfuko umebandikwa tumboni upande wa kushoto, choo kinatokea hapo. Nililia kama mtoto. Muuguzi, binti wa umri wa Eliza wangu, akanisafisha na kunifundisha kuubadilisha, wala hakukunja uso. Hapo ndipo nilipomwona Bwana.

Juzi Mzee Kobelo alikuja kunijulia hali. Akaniomba leo niseme tu Bwana ametenda, hospitali na mfuko niviache, nisije nikawakwaza walio wachanga kiroho. Mzee wangu, umekaa pale mbele na ninakuheshimu. Nimekusamehe, kwa sababu mdomo uliosema nimepona ulikuwa wangu. Lakini kunyamaza tena, hapana!

Wala leo sisemi nimepona. Kila baada ya miezi mitatu narudi kupimwa. Ninachosema ni kwamba niko hai na nimefunguliwa aibu. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na vile vigelegele mlivyoniwekea mpigieni Mama Eliza.

Ila bado sijamaliza. Kuna mmoja wenu humu ndani, simtaji jina. Mwezi uliopita aliniambia kwamba siku ile niliposhuhudia alikuwa na barua yake ya rufaa mfukoni. Aliponisikia, alikwenda kuifungia kabatini. Mpaka leo iko humo! Ndugu zangu, hasira yangu yote imetoka hapo, na sehemu kubwa ninajikasirikia mwenyewe.

Wewe ndugu yangu, unanisikia. Ushuhuda ule ninaufuta mbele ya kanisa zima. Uliniamini nikisema uongo, niamini na leo nikisema kweli. Mtumaini Bwana, kisha ufungue kabati. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa stendi, mimi na mfuko wangu, na nauli ya wawili ninayo. Usipoonekana nitakuja kugonga mlangoni kwako, na nitagonga kwa nguvu. Amina yako usinipe hapa. Utanipa kesho pale stendi, ukiwa na barua mkononi.