Kikohozi cha Gari la Baba

Ndani ya basi, bibi wa kiti cha nyuma alidhani binti yule amepakata mtoto, mpaka taulo lilipofunguka akaona kabureta. Mzee aliyeketi kando ya binti, mwenye kucha za grisi, akachungulia bila kuomba ruhusa, kama mafundi wote.

"Midomo minne! Ya gari gani hiyo, mwanangu?"

"La mbio, la zamani, silinda sita. Lilikuwa la marehemu baba. Kabureta yake imepasuka. Nataka hii ifungwe, lakini gari liendelee kukohoa likiwashwa."

"Likohoe? Hii ukiirekebisha vizuri, injini inatulia tuli. Gari la kukohoa ni aibu ya fundi!"

"Aibu nitaibeba mimi, mjomba. Mama haoni tena. Nikiwasha, anasikia kile kikohozi, anatabasamu: 'Mzee huyo, anaondoka bila kuaga.'"

"Atazoea sauti mpya."

"Wewe ungezoea mke mpya?"

"Hilo usiniulize hadharani." Mzee akacheka peke yake. Kisha akatoa leso, safi kuliko shati lake, akaifunika midomo ile vumbi lisiingie. Bibi aliliona hilo.

"Siahidi kitu," mzee akasema. "Kuifundisha injini kukosea ni kazi kubwa kuliko kuitibu." Akainamisha sikio. "Linakohoaje?"

Binti akatazama huku na huku, akaona haya, akakohoa: mara mbili kwa ufupi, kisha moja ndefu ya kukwaruza.

Basi likasimama. Watu wakaanza kushuka. Mzee alikuwa bado ameinamisha sikio.

"Hiyo ya mwisho," alisema, "irudie."