Historia ya Kaka Yetu, Mjumbe wa Tano

Ndugu zetu, majirani, na ninyi maafisa na askari mliokuja na sare zenu kutupunguzia uzito wa siku hii, mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyeachiwa ziwa, na kazi hii nimepewa kwa sababu kaka yetu mkubwa hawezi kumaliza mstari wa kwanza bila kulia, na mdomo wangu, kama mnavyojua, haujawahi kuumwa. Jana kikao cha ukoo kiliniomba niruke sehemu moja ya maisha ya marehemu, kwamba mambo ya jeshi yabaki jeshini, nami nikaitikia kwa kichwa tu, na kichwa si kiapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1957, katika nyumba ya vyumba viwili ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, aliyekuwa msimamizi wa mafundi wa njia, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji. Baba alikuwa mtu wa amri, akiuliza jambo alitaka jibu moja tu, na marehemu alilijua jibu hilo mapema kuliko sisi wote, ndiyo maana nyumbani tulimwita Ndiyo Baba, akaliitikia jina hilo mpaka akaota ndevu. Siku moja chemni ya taa ilivunjika, baba akatangulia kusema kwamba aliyeivunja ni mimi, kisha akamgeukia marehemu, aliyekuwa amemwona paka akiruka mezani kwa macho yake mawili, naye akasema ndiyo, baba. Nilichapwa mimi, paka akaendelea kulala jikoni, na marehemu hakuweza kunitazama usoni siku tatu nzima.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni kuanzia 1972 hadi 1975, ambako hesabu alizifaulu vizuri sana na kwaya walimwomba ajitoe mwenyewe. Alifanya kazi ya ukarani katika karakana ya reli hadi Julai 1978, alipojiunga na jeshi, akahitimu mafunzo ya uafisa na kuvishwa nyota yake ya kwanza tarehe 28 Novemba 1981, na baba yetu akamwambia sasa amepata wakubwa wengine wa kuwaitikia, sote tukacheka, marehemu naye akacheka.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1984, wa pili 1987 na wa tatu 1991, na wajukuu watano ambao walimpanda babu yao mgongoni bila kujali cheo.

Sasa ndiyo sehemu niliyoambiwa niiruke. Tarehe 19 Aprili 1985, saa nane mchana, lori la kikosi lililobeba askari kumi na wanne lilikosa breki kwenye mteremko wa daraja, likapinduka, askari wawili wakafariki, na dereva wake, koplo wa miaka ishirini na sita, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha vifo. Koplo alijitetea kwamba ubovu wa breki alishauandika mara mbili katika kitabu cha gari, afisa usafirishaji akajibu kwamba kitabu hicho hakionekani. Mahakama ilikaa tarehe 5 hadi 9 Agosti 1985, ndani ya bwalo la maafisa, meza za chakula zikiwa zimeunganishwa na kufunikwa blanketi la kijani, wajumbe walikuwa watano, na wa tano, mdogo kuliko wote kwa cheo, alikuwa Luteni, kaka yetu.

Niwaeleze jambo ambalo sisi raia hatulijui. Katika mahakama ile, wajumbe wakiingia faragha kupiga kura, anayeanza kusema ni mwenye cheo cha chini, kisha anayemzidi, hivyo hivyo mpaka kwa mwenyekiti, ili mdogo asije akamfuata mkubwa kama mkia, na kila mmoja ameapa kutofichua kura yake wala ya mwenzake maisha yake yote. Siku ile chai ilikuwa imeshamiminwa, na mwenyekiti, aliyekuwa kanali, alifunga jalada kabla hata hawajaketi, akasema, "Jamani, huyu ana hatia, hata mtoto anaona, chai isije ikapoa," halafu ndipo akamgeukia kaka yetu, akamwambia, "Haya, Luteni, sheria inasema uanze wewe." Kaka yetu akasema alichosema, na Koplo akafungwa miaka tisa na kufukuzwa jeshini kwa fedheha.

Alichosema hakumwambia mtu, si mkewe, si mimi, nami si mtu wa kuuliza mara moja nikanyamaza. Tulichoona ni kwamba alikonda, na alikuwa akikaa mezani mpaka chakula kinapoa, ukimwita anashtuka.

Mke wa Koplo hakukubali, akatafuta wakili, mwanamama mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la viatu, rufaa ikakatwa, lakini sababu zake zilikuwa dhaifu, kwa kuwa kitabu cha gari hakikupatikana na faragha haina shahidi. Wakili aliwaandikia wajumbe wote watano kuuliza kama utaratibu ulifuatwa, wanne hawakujibu, na kaka yetu alikaa na barua yake miezi minne katika mfuko wa koti la sare. Kanali yule, ambaye sasa alikuwa mkuu wake wa kikosi, alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kabisa kwamba jina lake limo katika orodha ya watakaopandishwa kuwa kapteni, na kwamba orodha ni karatasi, na karatasi hupotea. Wifi yangu naye, na maneno haya ameniruhusu niyaseme, alimwambia, "Wenzako wanajenga vyeo, wewe unataka kujenga kesi, na mimi hapa nina mimba."

Tarehe 22 Januari 1987 marehemu aliandika hati ya kiapo yenye mistari kumi na moja, hakugusa kura ya mtu yeyote, alieleza tu ni nani aliyetangulia kusema, na alisema nini. Asubuhi hiyo wifi yangu, aliyekuwa hajamsemesha siku mbili, aliipiga pasi sare ya mumewe, akavaa viatu vyake, wakapanda pamoja ngazi za ofisi ya wakili, tumbo likiwa mbele.

Rufaa ilisikilizwa mwaka uliofuata mbele ya majaji watatu, nami nilikuwepo, benchi la nyuma, na Koplo alikuwa upande wa pili kati ya walinzi wawili. Wakili wa upande wa mashtaka alimuuliza kaka yetu kwa kejeli, "Na wewe mwenyewe, Luteni, ulipiga kura gani?" Jaji alikuwa ameshainua mkono kulizuia swali, lakini kaka yetu akajibu, "Mwenye haki ya kuniuliza hilo humu ndani ni mmoja tu, na hata yeye nimeapa nisimjibu." Tarehe 17 Novemba 1988 majaji waliitengua hukumu, wakasema kura iliyopigwa baada ya mkubwa kunena haiwezi kuitwa kura, wakaamuru Koplo aachiwe huru, akiwa ameshatumikia miaka mitatu na miezi mitatu, na baba yake akiwa amezikwa bila yeye.

Kaka yetu alihamishiwa stoo ya viatu na magodoro, akawa anatutania kwamba yeye ndiye anayelijua jeshi zima kuanzia miguuni, na ukapteni ulimfikia mwaka 1996, wenzake wa kozi moja wakiwa wameshakuwa makanali, akastaafu na cheo hicho hicho tarehe 30 Juni 2004. Sikumsikia akilalamika, nililalamika mimi kwa niaba yake.

Koplo alijifunza ufundi, akafungua gereji ya breki, breki tu, ukimpelekea injini anakuelekeza kwa jirani, nasi tukazoea kumwita Fundi. Februari 1989 alikuja nyumbani kwa kaka yetu kwa mara ya kwanza, akasema, "Afande, nimekuja kushukuru, na nimekuja kuuliza." Kaka yetu akamwambia, "La kwanza nimelipokea, la pili siwezi." Fundi akanywa chai, akaaga, tukajua ndiyo basi, lakini Jumapili iliyofuata akarudi, akaendelea kurudi kwa miaka thelathini na minne, na hakuuliza tena.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika na ugonjwa wa figo, na kuanzia Machi 2021 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa watoto wako mbali, aliyempeleka na kumrudisha kila safari alikuwa Fundi, kwa pikapu yake, taratibu kama amebeba mayai. Tarehe 9 Mei 2023 nilikuwa wodini nikikunja mashuka, marehemu akamshika Fundi mkono, akamwambia neno moja tu, "Nisamehe," hakusema kwa lipi, na kiapo chake hakukivunja. Fundi akamjibu, "Nimejua miaka yote, Afande. Mtu aliyesema sina hatia asingeinamisha uso kila nikiingia." Kaka yetu akamuuliza, sasa mbona ulikuwa unakuja? Akasema, "Kwa sababu kati ya wale watano, ni wewe tu uliyekosa usingizi." Marehemu alilia, nami nililia, sioni haya kulisema hilo, na tarehe 11 Mei, Alhamisi, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na sita.

Jana, baada ya kikao, nilimfuata Fundi nikamuuliza kama niiruke sehemu hii, akaniambia, "Dada, soma. Mimi nilishasomewa mabaya mbele za watu, leo wasikie na haya."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walioyajua majina yetu mpaka ya wajukuu, majirani mliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, maafisa na askari, na mama wakili, aliyekuja na mkongojo wake na kukataa kusaidiwa. Na wewe Fundi, uliyesimama kule nyuma karibu na magari, wifi yangu ameniagiza nikuite mbele ya watu wote, hapa kwa wafiwa kuna kiti chako, kati yake na kaka yetu mkubwa, njoo ukae, tunakusubiri, sitamaliza mpaka uketi.

Ahsante. Kaka yangu, sasa pumzika, na amani ikae nawe.