Mzee Yahaya na Fishi ya Miguu Minane

Sasa hivi mwanangu Musafiri, mwenye mwaka mmoja na meno manne, amekigandamiza kidude chake cha kuchezea katika bukari, yaani ugali, iliyokuwa kwenye sahani ya Mzee Yahaya. Akakitoa, akacheka. Kwenye bukari yakabaki matundu manane yamezunguka kama watoto wanaocheza, na tundu moja kubwa katikati. Mimi nikainuka kuomba radhi. Mzee Yahaya akaninyamazisha kwa mkono. Akayahesabu yale matundu kwa kidole, akayahesabu tena. Halafu akamnyang'anya mtoto kile kidude, akamvisha kofia yake ili asilie, akakimbilia meza yake ya kazi bila hata kunawa.

Kwa hiyo mtanisamehe kama karatasi hii ya kumuaga Mzee ina mafuta. Patro wetu Bwana Namegabe anaitaka kesho asubuhi ikapigwe mashine, na mimi ninayekaa gishe kupokea wateja ndiye niliyeambiwa kuiandika.

Mzee Yahaya Rachidi anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 1969, baada ya miaka ishirini na mitatu katika atelye yetu, karakana ya kutengeneza posti, yaani redio, hapa Quartier Industriel. Alipoanza, mji ulikuwa bado unaitwa Usumbura na yeye alikuwa fundi wa baiskeli kutoka Jabe. Patro wa wakati ule alimchukua kwa sababu moja tu: alimkuta asubuhi ameketi mbele ya gurudumu moja, na jioni alimkuta palepale, hajakasirika.

Atelye yetu inatengeneza posti za kusikilizia habari na muziki, lakini sifa ya Mzee imetokana na zile nyingine, zinazosikia na kusema. Wenyewe wanaitwa amatere. Mtu anakaa chumbani kwake Nyakabiga, anaongea na mtu wa Kalemie au wa Brazili ambaye hajamuona hata siku moja, wanaulizana kama kunanyesha, wanaagana. Hakuna anayewalipa. Mke wa mmoja wao alikuja gishe akaniuliza kama hakuna mvua ya karibu ambayo bwana wake angeweza kuiongelea.

Posti hizo nyingi ni za kizee, zilitoka jeshini baada ya vita, na kila moja inakula umeme kwa fishi ya kwake peke yake, plagi isiyofanana na nyingine. Posti yenyewe haifi upesi. Fishi ndiyo inayopotea. Inasahaulika watu wakihama nyumba, inakanyagwa, panya anapita na waya. Ukiandika kuagiza nyingine, unajibiwa kwamba kiwanda siku hizi kinatengeneza friji.

Mafundi wengine wa mjini wanafunga fishi yoyote iliyo karibu. Mzee Yahaya hajawahi. Anawakumbusha habari za Bwana Pierre wa bandarini, ambaye posti yake ilikuwa ya betri ya gari, na fundi mmoja akamfungia fishi ya ukutani. Shemeji yake alikuja kutembea, mtu mwenye moyo wa kusaidia. Akaiona fishi inaning'inia, akaihurumia, akaichomeka ukutani. Moshi uliotoka dirishani ulikuwa mzuri hata majirani wakaja na sahani.

Tangu hapo neno la Mzee ni hilo hilo kwa kila mteja mwenye haraka: "Fishi ni kama mulango. We ukiweka mulango wa choo kwa salo ya wageni, usilaumu mugeni."

Dawa yake ni lampi zilizoungua. Posti za zamani zina lampi za kioo ndani, na kila lampi ina kitako cheusi chenye miguu ya chuma. Kitako hicho ndicho kinachoingia sawasawa mahali pa fishi iliyopotea. Basi Mzee anaizungushia lampi kitambaa, anaigonga kidogo, anatoa vipande vya kioo kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, halafu anaunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa, mguu kwa mguu. Mji mzima unajua. Watu wanamletea lampi iliyoungua kama wengine wanavyopeleka kuku ukweni. Mama mmoja alileta ya kuangazia nyumba, isiyofaa kitu. Mzee alimshukuru sana, akamkaribisha chai, na taa ile aliitundika hapa gishe ili mama akipita aione.

Mimi nilifika hapa kutoka Uvira nikiwa sijui mtu. Kazi nilipewa na patro, lakini aliyesema nipewe kiti chenye mgongo ni Mzee Yahaya, kwa sababu tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Kitanda cha kwanza cha Musafiri kilikuwa sanduku la posti, na Mzee aliandika juu yake kwa chaki: Mashine mpya, musifungue. Mwanangu akija kuwa fundi, nitajua ilianzia wapi.

Sasa niseme kwa nini leo amekimbia na bukari mkononi.

Atelye yetu ina desturi yake. Fundi akistaafu, posti iliyobaki bubu kwenye kabati lake anaondoka nayo, wakamalizane nyumbani. Cirimwami aliyestaafu kabla yake aliondoka na moja, leo inabeba sufuria. Na kwenye kabati la Mzee Yahaya imebaki moja: posti ya Bwana Pontien wa Nyakabiga, kubwa kama sanduku la sabuni, inayotaka fishi ya miguu minane kamili. Hapo ndipo shida. Lampi nyingi zinatoka kiwandani na miguu inayohitajika tu, sita au saba, pengine pameachwa wazi. Yenye minane yote ni ya kubahatisha.

Tumeitafuta tangu Pasaka. Tumegeuza soko la Jabe juu chini. Mzee alijaribu kuchonga ya mti na kuitia misumari. Ikafanya kazi vizuri mpaka ilipowaka. Bwana Pontien mwenyewe aliona huruma, akamwambia, "Wacha, Muzee. Nitakuwa naongea na bibi yangu, mama watoto."

"Apana," Mzee akamjibu. "Huyo naye alikuwa ameshapumuzika na maneno yako."

Tungeweza kucheka hivyo mpaka Jumamosi, kama si Mama Mwanasiti, mke wa Mzee, aliyekuja gishe Jumatatu amejifunga kitenge cha safari. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa mama yule sauti ya chini ndiyo ya kuogopa: "Odette mwanangu, ambia muzee wako. Ile sanduku ikiingia kwangu, mi natoka. Naenda Rumonge kwa kaka yangu. Miaka yote nalala juu ya lampi, ziko chini ya kitanda, nimenyamaza. Sasa anataka kuniletea mama yao?"

Nilimpa Mzee salamu hizo zote. Akafuta miwani. Akasema Mwanasiti hajawahi kusema kitu halafu asikifanye, na kwamba Rumonge ni mbali kwa mtu ambaye hajui kujipikia. Tangu siku hiyo hakupiga tena mluzi kazini. Kijana wetu Honoré, atakayelirithi kabati lake, alijaribu kumchokoza: "Muzee, usiogope, posti itakupikia." Hata hakumtupia kitambaa, na sote tukajua jambo limekuwa zito.

Kumbe tulichokitafuta kilikuwa kinatambaa katikati ya miguu yetu. Kidude cha Musafiri ni kitako cha lampi. Mzee mwenyewe alimpa mtoto alipoanza kukaa, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na shida nacho. Alikichemsha, akakisugua mpaka kikang'aa, akakifunga kamba nene. Tangu hapo hakuna aliyekiona vizuri, maana muda wote kilikuwa mdomoni. Mimi nimekiosha kila jioni kwa mikono yangu, nikilala na wasiwasi wa Mama Mwanasiti, na sikuwahi kuhesabu miguu. Mama gani anahesabu miguu ya kitu kinachomnyamazisha mtoto?

Ikabidi kupitia kwenye bukari.

Kutoka hapa nasikia harufu ya risasi inayoyeyuka. Honoré anashika waya, Mzee anamfokea, na hiyo ni dalili nzuri. Amekataa kukiosha kidude kwa maji, amekisafisha kwa kitambaa na pumzi. Patro amesimama mlangoni anajifanya anatafuta kalamu. Musafiri amekaa juu ya mguu wangu na kofia ya Mzee imemfunika hadi puani. Ameacha kulia, sasa anaitafuna.

Basi nimalize, kwa sababu shereheni watasema wakubwa na mimi sitapata nafasi. Mzee Yahaya, wewe hukutufundisha kwa kutuita mbele. Ulifanya kazi yako polepole mbele ya macho yetu, ukamwachia kila mmoja aibe anachoweza. Bubu wengi wa mji huu wanasema kwa sababu yako. Tunakushukuru kwa chai, kwa kiti chenye mgongo, kwa sanduku lenye chaki. Kofia nitaifua leo, usiwe na wasiwasi, na mtoto tutamtafutia kidude kingine, chenye miguu sita kinamtosha. Nenda nyumbani mikono mitupu, Mzee, hiyo ndiyo zawadi tunayokuombea. Ukae vizuri na Mama Mwanasiti, mle mkiwa mmeketi, mlale juu ya kitanda kisicho na kitu chini yake, na siku ukipita Quartier Industriel usipite bila ku

Honoré ananiita, anapiga kelele, anasema dada Odette wacha karatasi, kuya mbio, kuna mutu wa Kalemie ndani ya posti anauliza kama huku kunanyesha, na Mzee amekataa kumujibu mpaka Musafiri aletwe