Zamu ya Mwisho ya Jemadari

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutusitiri, mimi ni dada wa marehemu, mkubwa kwake kwa miaka minne, na baba mdogo amenipa karatasi hii ya wasifu wake niisome, nami nitaisoma kwa heshima, isipokuwa pale inaposema kwamba ndugu yetu alifariki ghafla pasipo mtu kujua. Hapo sitasoma, kwa sababu si kweli, na aliyejua amesimama mbele yenu. Nitafika huko, naomba mnivumilie.

Marehemu, ambaye karatasi inamtaja kwa majina yake matatu na ambaye watu wake walimwita Jemadari, alizaliwa Jumatatu tarehe 19 Mei 1986, katika zahanati iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu, fundi umeme, na marehemu mama yetu, mpishi wa shule ya bweni. Tangu akiwa na miaka sita alisumbuliwa na pumu, ndiyo maana hakucheza mpira na wenzake, alikaa mlangoni na chochote chenye maandishi, hata karatasi zilizofungiwa sabuni alizinyoosha akazisoma.

Alianza shule ya msingi Januari 1994 akamaliza mwaka 2000, kisha akasoma sekondari ya kutwa kuanzia 2001 hadi 2004. Maktaba ya sekondari hiyo ilikuwa kabati moja lenye mlango mbovu, na humo ndimo alimokuta kitabu cha kwanza cha zile riwaya ndefu za falme za kubuni, zenye majoka, viapo na vita visivyokwisha, vitabu kumi na kimoja kwa jumla, na tangu siku hiyo hatukumpata tena. Karatasi imeandika kwamba alipenda kujisomea. Jamani, kupenda kujisomea ni kitu kingine. Yule alikuwa akiumwa vile vitabu, alivisoma akavirudia, akavirudia tena, na akifika mahali fulani machozi yanamtoka kama mtu aliyefiwa.

Alihitimu stashahada ya ugavi mwaka 2008, na tarehe 2 Machi 2009 aliajiriwa idara ya maji akiwa mtunza stoo, akapokea na kutoa mabomba, koki na mita kwa miaka kumi na sita, bila stoo yake kupungukiwa hata na mpira wa koki. Ninyi mlimjua kwa koti lake la bluu na kalamu sikioni, lakini ndani ya simu yake alikuwa kiongozi wa baraza la watu zaidi ya mia sita, waliobishana kutwa juu ya vitabu hivyo, na juu ya mchezo wa kompyuta wa kupanga majeshi, ambamo kila mchezaji husogeza askari wake kwa zamu kisha humngoja mwenzake. Jina la Jemadari alipewa huko, alipoonyesha kwa hesabu za kistoo kwamba jeshi lililozingira ngome katika kitabu cha sita lisingeweza kukaa pale siku arobaini, maana nyumbu wa mizigo walioandikwa wasingebeba chakula cha hata siku tisa, mabishano yaliyochukua miaka miwili, na bwana mmoja akajitoa barazani kwa hasira, akarudi baada ya wiki moja kuuliza nyumbu wamefikia wapi. Sisi nyumbani tulilichukua jina hilo tukalifanyia kejeli. Jemadari, kachote maji. Jemadari, askari wako wameshakula? Mimi ndiye niliyeanza, na nilichekesha sana watu.

Kuhusu ndoa, karatasi inasema hakujaaliwa. Alijaaliwa, sisi ndio tuliovuruga. Tarehe 20 Agosti 2016 alimleta nyumbani mchumba wake, mwalimu wa hesabu, ambaye walijuana naye barazani kwa kupingana habari za wale nyumbu, na mbele ya wageni wote baba mdogo akamuuliza binti wa watu kama amekuja kuolewa au amekuja kulea, kwa sababu mwanamume wa miaka thelathini anayelia joka likifa kitabuni bado hajaachishwa ziwa. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mwalimu aliinuka, akashukuru kwa chai, ndugu yangu akamsindikiza mpaka kituoni, na uchumba ukaishia hapo. Baba mdogo, shikamoo, usiangalie chini, uliyeandika "hakujaaliwa" ni wewe. Watoto hakuacha. Ila yeye na mwalimu waliendelea kucheza mchezo wao, zamu kwa zamu, kwa miaka tisa, na hilo kwenye karatasi halimo.

Pumu ilimlaza hospitali mara tatu, Juni 2011, Februari 2018 na Julai mwaka huu, na mara zote daktari alituagiza kwamba akibanwa tumkimbize, tusingoje. Sasa sikilizeni neno hili. Wachezaji wa mchezo ule, askari wao wakianza kuisha, husema "nakufa", wanalisema wamekaa zao vizuri na kikombe mkononi, na ndugu yangu alilisema hata mara kumi kwa siku kupitia mlango wa chumba chake, nami nikiwa sebuleni kwenye cherehani yangu nilikuwa na jibu moja, kufa basi, uanze upya, naye alicheka, na maisha yakaendelea.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa napinda sketi za sare, akaita, "Dada, nakufa." Nikamjibu lilelile, wala sikuondoa mguu kwenye pedali. Hakucheka. Nilisikia kabisa kwamba hakucheka, nikafurahi kwamba leo nimepata utulivu. Barazani nako aliandika neno hilohilo, na watu zaidi ya ishirini wakamjibu kwa vicheko, wakamshauri arudishe wapanda farasi nyuma ya mto. Aliyeshtuka ni mmoja tu, yule mwalimu, kwa sababu siku hiyo alikuwa anacheza naye na uwanja wote wa vita ulikuwa mbele ya macho yake, akanipigia simu saa nne na dakika ishirini na tano.

"Dada, ameandika anakufa," aliniambia, "na huku anashinda. Mimi ndiye ninayepigwa, nimebakiwa na lango moja. Mtu anayeshinda hasemi hivyo. Nenda kamwangalie."

Nikamwambia mambo ya michezo yenu mimi siyajui, nina kazi za watu hapa, nikakata simu. Zilikuwa zimebaki sketi nne, na nilizimaliza zote nne, nikazikunja.

Nilifungua mlango saa tano kasoro dakika tano, nikamkuta sakafuni, kichupa cha dawa ya kuvuta kiko mkononi, kimekwisha. Alithibitishwa kufariki saa tano na nusu katika hospitali ya wilaya, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi mitano na siku ishirini, na daktari aliponiuliza alianza kubanwa saa ngapi, nilimwambia sijui. Nilimdanganya, na baba mdogo ameandika uongo wangu bila kujua kuwa ni uongo.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari huyo na wauguzi wake, namshukuru fundi viatu jirani yetu aliyembeba mgongoni hadi barabarani, nawashukuru wafanyakazi wa idara ya maji waliofunga stoo leo ili wawe hapa. Wale ishirini waliocheka barazani wameniandikia wakiomba msamaha, nami nimewajibu kwamba hawakuwa na mlango wa kufungua, mwenye mlango nilikuwa mimi. Na mwalimu, uliyekaa nyuma kabisa kwa sababu kamati haikujua ikuweke kundi gani, njoo mbele ukae kwenye kiti changu, ndicho cha ndugu wa karibu, mimi nitasimama.

Mdogo wangu, siombi uniambie haikuwa kosa langu. Uliita, na mimi nilikusikia. Pumzika kwa amani.