Kwa Nini Lonnie Aliacha Pikipiki

Benchi la nje ya duka langu la donati hapa Lancaster, mji wa jangwani, nililiweka kwa ajili ya wateja wote, lakini watu watatu wameliteka. Yupo Bandeji, aliyevunjika mifupa kumi na moja. Dada yake Darlene, tunamwita Spidi. Na mjomba wao Gus, zamani fundi wa pikipiki ya baba yao. Leo walikuwa na shida kweli. Jumamosi klabu ya pikipiki inatundika picha ya marehemu baba yao, Lonnie Tuttle, na Bandeji ndiye atakayehutubia. Wazee wa klabu hadi leo wanadai Lonnie aliacha mbio za pikipiki mwaka sabini na nne kwa woga. Bandeji anataka kuwafunga midomo, ila sababu yenyewe haijui.

— Goti, alisema Mjomba Gus. Lilijaa maji. Haba na haba hujaza kibaba.

— Goti gani, Mjomba? alisema Bandeji. Kila harusi alikuwa anacheza mpaka viti vinakunjwa.

— Basi ni mama, alisema Spidi. Alimfichia ufunguo kwenye unga.

— Pikipiki ya mbio haina ufunguo, we Spidi.

— Ndiyo maana hakuupata.

Mjomba Gus akashusha sauti.

— Ni serikali. Injini niliyomtengenezea iliipita ndege ya jeshi hapo jangwani. Wakaja watu wenye suti.

— Na wewe wakakuacha?

— Nilijifanya mjinga.

— Hapo hukupata tabu, Mjomba.

Dereva wa lori, mama mmoja mgeni aliyekuwa anasubiri kahawa yake, akaingilia.

— Samahani, nyie wakati huo mlikuwa mnafanya nini?

— Sisi? Bandeji alichangamka. Ndo tunaanza BMX, mbio za baiskeli za kuruka matuta ya udongo, mama! Namba tunachora kwenye sahani za karatasi, mlio wa injini tunaupiga kwa mdomo. Fremu kachomelea baba. Kila Jumapili tupo kwenye matuta, hatukukosa hata moja.

— Na mbio za pikipiki zilikuwa siku gani?

— Jumapili.

— Sasa nyie nani alikuwa anawapeleka?

Mjomba Gus, ambaye huongea hata akitafuna, aliiweka donati chini. Spidi akainama. Nikawaongezea kahawa, hakuna aliyeigusa.

— Mimi mwenyewe niliwahi kumwita mwoga, alisema Bandeji. Tukiwa njiani kwenda kwenye matuta, yeye ndiye anaendesha gari.