Sauti Alizozitengeneza Bonaventura Mughwai

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnivumilie kidogo, najua jua ni kali na wengi wenu mko hapa tangu juzi.

Marehemu Bonaventura Leonidas Mughwai alizaliwa Mgori tarehe 9 Mei 1984, mtoto wa tatu wa Mzee Leonidas na Mama Marietha, akasoma shule ya msingi hapohapo Mgori kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, kisha sekondari Singida mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003.

Mwaka 2004 aliajiriwa kuwa fundi katika duka la redio la Bwana Pradeep, ambaye tuko naye hapa, na humo ndimo alimojifunza kutengeneza muziki kwa kompyuta, hadi mwaka 2011 alipohamia Itigi na kufungua studio yake. Hakupenda milio inayokuja tayari ndani ya kompyuta, alisema inafanya nyimbo zote zifanane, hivyo alirekodi nyuki mzingani, akapunguza kasi ya sauti yao mpaka ikawa besi, na magurudumu ya treni yakipita kwenye maungio ya reli akayafanya ngoma. Wasanii wengi walimkimbia. Mmoja alimlalamikia, "Kaka Bona, mbona wimbo wangu unasikika kama Itigi?" naye akamjibu, "Kwani wewe unatoka wapi?"

Alifunga ndoa na Dorika tarehe 21 Julai 2012, wakajaliwa watoto wawili, Agnes na Festo.

Februari 2016 aligundulika kuwa na kifua kikuu sugu, madaktari wakamweleza wazi kwamba sindano zitamtibu lakini huenda zikaharibu masikio, akazikubali kwa ajili ya watoto, na kufikia Desemba alikuwa hasikii kitu. Studio hakuifunga. Aliweka kiganja kwenye spika, Dorika akitoka shamba anakaa pembeni, anamwandikia kwenye daftari kama sauti ni kavu, imezama au inakwaruza, na kwa njia hiyo wakatengeneza nyimbo kumi na moja kwa miaka saba. Dorika ameomba isomwe pia kwamba siku nyingine aliandika "nzuri" kwa sababu tu alikuwa amechoka, na marehemu alimtazama usoni, akafuta kazi yote, akamwambia, "Mama Agnes, nenda kapumzike, tutaanza upya kesho."

Mapafu hayakupona sawasawa, alilazwa mara nne, na tarehe 3 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, akafariki mkewe akiwa kando yake. Wimbo wa kumi na mbili haukukamilika, na familia imekubaliana usiguswe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Itigi waliotulimia shamba misimu miwili, Bwana Pradeep, na wasanii wale waliorudi.

Bona, umefanya kazi ukiwa mgonjwa miaka minane, umechoka, nasi tumechoka pamoja nawe. Leo hakuna kuanza upya. Pumzika kwa amani.